Tupeane uzoefu: Kupima kompresheni ya injini ya gari la zamani nyumbani

Mleta mada

Ndugu zangu, ninalo gari la petroli la silinda nne, la kabureta, ambalo umri wake unakaribia miaka 30. Lilianza kutetemeka kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) na kuchoka mlimani, na fundi niliyempelekea alilisikiliza kwa dakika mbili tu akatamka kwamba ringi (pete za pistoni) zimekwisha, injini ifanyiwe ovaholi. Sikuridhika kufungua injini kwa ushahidi wa sikio, nikaazima geji ya kompresheni (kipimo cha shinikizo la hewa inayogandamizwa ndani ya silinda) nikapima mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipata 100, 105, 75 na 100 psi (kizio cha shinikizo), na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya 120 na 180, nikakata tamaa. Usiku, nikiwa nimeshalala, ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna aliyekanyaga pedali ya mafuta wakati stata ikizunguka. Kabureta ikiwa imefunga, silinda huvuta hewa kidogo, na pistoni haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuingia.

Kesho yake nilianza upya. Nilichaji betri usiku kucha, nikawasha injini hadi ikapata moto wake wa kawaida, nikapuliza vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuzifungua ili mchanga usidondoke ndani, kisha nikatoa plagi zote nne, nikachomoa waya mdogo wa koili (inayozalisha umeme wa plagi) na mpira unaoleta petroli kwenye kabureta. Mwanangu alikanyaga pedali hadi mwisho huku akihesabu kwa sauti mapigo sita kwa kila silinda, bila kuzidisha wala kupunguza. Tulisoma 150, 155, 110 na 150. Ile tofauti ya silinda ya tatu ilikuwapo tangu jana, ila sikuiona kwa sababu nilikuwa nikiomboleza namba zote kwa pamoja.

Nilimimina kijiko cha chai cha oili katika tundu la silinda ya tatu na kupima tena, mshale ukafika 113. Oili huziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda, hivyo kama ringi ndizo zingekuwa zimechoka, usomaji ungepanda sana. Nikageukia valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Tapeti (sehemu inayosukuma valvu) ya eksozi ya silinda hiyo ilikuwa imebana kiasi kwamba fila (bamba la kupimia nafasi) nyembamba kuliko zote nilizonazo haikupita, maana yake valvu haikuwa ikikaa sawasawa kwenye kiti chake. Injini ilipopoa niliiseti kwa kipimo cha kitabu cha gari, na vipimo vya baadaye vikasoma 145. Naomba na wenzangu mlete yenu, hasa mliyokosea.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante, ndugu mleta mada. Langu lilisoma 160, 60, 60 na 165, na oili haikubadilisha chochote. Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja kiasi hicho, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi (kizibo bapa chini ya kichwa cha injini) iliyoungua kati yake, lakini watu watatu walinikatalia kwa hoja kwamba maji hayapungui na oili haijawa kama maziwa, dalili ya kuchanganyika na maji. Nilipoinua hedi nilikuta mstari mweusi, upana wa penseli, uliokatiza kutoka silinda ya pili hadi ya tatu. Njia za maji hazikuguswa kabisa, ndiyo maana rejeta ilikuwa safi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nililaumu injini kwa kosa la geji. Kisindi kidogo (kivalvu chenye springi kinachozuia hewa isirudi) kilichomo mwishoni mwa mpira wa geji kilipoharibika, nilikibadilisha kwa kisindi cha valvu ya tairi, kwa kuwa vinafanana kwa sura. Silinda zote zilishuka kwa mpigo mmoja. Springi ya kile cha tairi ni ngumu zaidi, kwa hiyo sehemu ya shinikizo hupotea katika kukifungua. Ikiwa namba zote ziko chini kwa usawa, kagueni kwanza geji, betri na pedali, halafu taimingi (mpangilio wa wakati wa valvu na pistoni), kwa sababu mkanda wake ulioruka jino nao hushusha silinda zote kwa pamoja.

Mchangiaji wa tatu

Je, geji hiyo hiyo inafaa kwa dizeli? Nimeombwa na jirani nimpimie.

Mleta mada

Haifai, ndugu. Dizeli husoma takribani 300 hadi 500 psi, nayo geji ya petroli itapasuka au itaharibika. Zaidi ya hayo, usitie oili kwenye silinda ya dizeli kwa ajili ya kupima, kwani inaweza kushika moto kwa joto la mgandamizo.

Mchangiaji wa nne

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipita: tazameni pigo la kwanza, wala si namba ya mwisho peke yake. Katika injini yangu silinda moja ilianza na 40 kisha ikapanda polepole pigo baada ya pigo hadi 120, na hiyo ndiyo tabia ya ringi zilizochoka. Nilihakikisha kwa hewa ya kompresa: pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefunga, niliingiza hewa kupitia tundu la plagi, nikasikia mfoko kwenye kifuniko cha oili. Ungetokea kwenye eksozi ningeshuku valvu ya eksozi, na mapovu kwenye rejeta yangenipeleka kwenye gasketi.

Mchangiaji wa tano

Gari langu lilikaa miezi minane bila kuwashwa, nami nililizungusha sana hadi petroli ikasafisha oili yote kwenye kuta za silinda. Nilipopima, hakuna iliyofika 80. Nilitia kijiko cha oili katika kila tundu, nikazungusha plagi zikiwa nje, na zote zikavuka 140. Nilirudisha plagi zilizokaushwa, likawaka kwa jaribio la tatu, likafukiza moshi wa samawati kwa dakika kadhaa, kisha likatulia.