Kilemba cha Babu

Abdi: Salaam aleikum familia. Ile picha ya Babu iliyotoka kwa sanduku la Isiolo, nimempatia jamaa hapa Eastleigh aikuze. Chini tutaandika: "Askari wa KAR, alipigana Burma." KAR ni lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki.

Shangazi Halima: Waaleikum salaam. Burma gani, mwanangu? Babu yako hata bahari hakuwahi kuiona. Alikuwa dubas.

Khadija: Dubas ndiyo nini, shangazi?

Shangazi Halima: Askari wa DC, mkuu wa wilaya, kule NFD, wilaya za mpaka wa kaskazini. Si jeshi. Walikuwa wanazunguka na ngamia, kisima hadi kisima. Jina ni la Kisomali, duub cas, kilemba chekundu.

Khadija: Kumbe kama AP, polisi wa utawala?

Baba Mdogo Dida: Ndio hao hao. Polisi wa kikabila walibadilishwa jina 1958, wakaitwa AP.

Abdi: Lakini picha ni nyeusi na nyeupe 😅 huo wekundu umeuona wapi, shangazi?

Shangazi Halima: Nilikuwa nakifua mimi! Siku moja kikachuja kwa kanzu nyeupe ya Idi. Nilichapwa hadi leo nakumbuka.

Baba Mdogo Dida: Semeni na yale mengine. Serikali ilichora mpaka wa malisho: Wasomali mashariki, sisi Waborana magharibi. Mifugo ikivuka, dubas wanakamata. Mzee alikamata ngamia wa shemeji yake, ndugu ya nyanya yenu.

Shangazi Halima: Dida, hayo si ya kikundi.

Baba Mdogo Dida: Ni ya wapi basi? Wajukuu wa huyo shemeji nao wako humu humu wanasoma.

Yusuf wa South C: Tunasoma 😂 Kwetu tunaambiwa walikuwa ngamia sita.

Shangazi Halima: Wanne.

Khadija: Kwa orodha za KAR basi hatutampata. Ripoti za ma-DC ziko pale Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki. Nitapita Jumanne. Niulize za Isiolo?

Shangazi Halima: Uliza Moyale. Alikuwa huko Waitalia walipoiteka 1940. Waingereza walipoondoka, naye akaondoka nao, kwa miguu.

Yusuf wa South C: Na za faini za mifugo pia uangalie, tujue ngamia walikuwa sita au wanne.

Abdi: Shida ni moja. Nimelipa na fremu iko tayari, Burma na yote.

Shangazi Halima: Rudi ifutwe. Na umwambie huyo jamaa apake kilemba rangi. Asiweke nyekundu kali, aweke kama ya tofali. Nilikifua sana.