Fremu gani ya kuanzia kwa droni ya resi ya inchi 5? Naunga mwenyewe mara ya kwanza

TiaraYaMoro

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na droni za FPV, zile za kuvaa miwani, sio za kupigia picha za harusi. Nimekaa na simuleta muda sasa (VelociDrone), rimoti ninayo tayari ya ELRS (aina ya mfumo wa redio), nataka niunge ya kwangu ya inchi 5 kuanzia skrubu ya kwanza. Mota, staki (zile bodi za kuongoza droni na mota) na kamera nishapata mwanga, kinachonitoa jasho ni fremu. Kila video nnayofungua mtu anasifia yake, huyu anasema tru X, huyu strechi X, mwingine bamba moja zima ndo jepesi, mwingine anakwambia usithubutu chukua yenye mikono ya kufungua, mara mkono wa milimita 5 mara 6, mara gramu 70 mara gramu 130, yaani nimechanganyikiwa kabisa.

Niko Morogoro, narushia kiwanja kikavu cha udongo mwekundu, hakuna klabu karibu, kwa sasa ni mimi na mageti yangu ya bomba za PVC. Vitu naagiza China kupitia wakala wa Kariakoo. Fremu isizidi dola 50. Msaada tutani.

FundiKoili

Mkuu karibu kwenye ugonjwa.

Mi nakuuliza kitu kimoja kwanza kabla ya mambo ya X na gramu. Mkono ukivunjika Jumamosi, mwingine unaupata lini? Maana utavunjika tu, hiyo usijidanganye, geti la PVC kwa spidi ya kilomita 100 kwa saa halina huruma na ardhi kavu ya huko kwenu ndo kabisa. Jamaa wa kwenye hizo video wengi wako Marekani au Ulaya, wakivunja mkono wanaagiza leo wiki haijaisha wamefunga mwingine, ndo maana wanabishana gramu 8. Wewe mzigo unapita Guangzhou, unasubiri kontena au ndege, unafika Dar, ndo uje Moro. Kwahiyo fremu yako ya kwanza iwe na mikono minne inayofunguliwa mmoja mmoja, inayouzwa mmoja mmoja, na uiagize SIKU HIYOHIYO pamoja na fremu. Mikono ya akiba walau minne, na bamba la chini moja kama hela inaruhusu. Hii ndo sifa ya kwanza, zingine zote zinafuata nyuma.

Ile ya bamba zima, mikono na kitovu kipande kimoja, ni nzuri kwa kweli, nyepesi na haina skrubu za kulegea. Ila ukivunja mkono mmoja umevunja fremu, unavua mota zote nne na staki unahamisha kila kitu.

Kwa bei yako angalia TBS Source One. Mchoro wake uko wazi, mafaili yamewekwa GitHub bure mtu yeyote anachukua, ndo maana hata wauzaji wengine wanakata mikono yake. Sio fremu ya resi pekee, wengi wanaitumia fristaili (kuruka kwa mbwembwe), ni nzito kidogo kuliko za resi halisi lakini kwa mtu anayejifunza hutasikia tofauti. Nyingine ni zile za mtindo wa GEPRC Mark4, zimekopiwa kila kona ya China mpaka mikono yake ni kama njugu, ila kopi na kopi zinatofautiana ubora.

Kasi_Nakuru

Sasa wazito. Mimi napingana na Fundi kidogo tu hapo kwa uzito.

Bro kasema anataka RESI. Fristaili unataka fremu ibebe kamera ya HD juu, ipige msamba kwa matawi, sawa ikuwe nzito. Resi ni kona. Droni ikiwa nzito ukiingia geti la kona kali inateleza kwenda nje, unaiambia geuka inageuka lakini bado inakwenda kule ilikokuwa inaenda, na hiyo hata mota kubwa haziondoi yote, unamaliza tu betri. Fremu za resi nyingi ziko chini ya gramu 100, zile za fristaili zinaanzia kama 110 kwenda juu, weka tofauti hiyo kwa droni nzima pamoja na betri ya 6S (seli sita) utaisikia. Na fremu ndefu kwa juu yenye nguzo za milimita 30 huweka betri mbali na usawa wa propela, ikipinduka kwa rolo inahisi ni ya mlevi.

So mimi ningesema tafuta fremu ya resi yenye mikono ya kubadilisha, ziko, usilazimishwe kuchagua kati ya nyepesi na yenye spea. Angalia iwe fupi kwa kimo, mkono mwembamba kwa upana lakini mnene, milimita 5 kwenda 6. Mkono mwembamba upana unakatiza hewa ya propela vizuri, unene ndio unabeba nguvu.

Kwa strechi X na tru X, usipoteze usingizi. Strechi ni ndefu mbele na nyuma kuliko kulia na kushoto, ukiwa umeinama kwa spidi propela za nyuma zinapata hewa safi badala ya ile iliyochafuliwa na za mbele, ndio maana wa resi wanaipenda. Tru X iko sawa pande zote, inafanana ukipinduka upande wowote. Ile ya umbo la popo ambayo mikono ya mbele imefunguka sana achana nayo, hiyo ni ya kutoa propela kwa picha. Na ukipata video ya 2015 mtu anakushauri ZMR250 zima hiyo video lala, mikono ya milimita 3 siku hizi hakuna mtu anaweka.

FundiKoili

@Kasi_Nakuru hatupingani sana ndugu yangu. Kama atapata nyepesi yenye mikono ya spea achukue. Tatizo langu ni kwamba fremu za resi hutoka toleo jipya haraka, mwaka kesho mkono wa toleo la zamani huupati. Source One na Mark4 zitakuwepo.

mzeewabetri

Kwani usinunue tu iliyoungwa tayari uchomeke betri uruke? Naona mnahangaika.

DadaPropela

@mzeewabetri ukinunua iliyoungwa siku ya kwanza ukiangusha utafungua mwenyewe tu, na hujui nyaya zimepita wapi. Bora aunge.

TiaraYaMoro kuna mambo madogo hayo mafundi hawajagusa na ndo yanaunguza pesa. Kaboni inapitisha umeme. Fremu sio plastiki. Waya wa mota ukibanwa kwenye kona ya mkono na ganda likachunika, unapata shoti na ESC (bodi inayoendesha mota) inakwenda na moshi. Kwahiyo fremu ikifika kabla hujafunga chochote, chukua msasa laini, ulainishe kingo zote hasa pale waya zinapopita, na ufanye hiyo kazi NDANI YA MAJI, beseni tu la kawaida, kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu na linawasha ngozi siku nzima. Ikikauka pitisha gundi ya supa gluu kwenye kingo za mikono, inashika matabaka yasiachane ukigonga kwa ncha.

Hapo ndo pia utajua kopi nzuri na kopi mbaya. Mkono wa kaboni nzuri ukiutazama ubavuni matabaka yamebanana hayana nafasi, kingo haichomoki nyuzi, na ukiukunja kwa mikono unahisi chuma. Ile mbaya inakunjika kiasi na ubavuni unaona michirizi kama mkate wa ufuta uliochambuka. Mkono unaokunjika una tabu nyingine zaidi ya kuvunjika, unatetemeka, jairo (kihisi cha mzunguko) inasoma ule mtetemo inadhani droni inayumba, inaamrisha mota zirekebishe kitu ambacho hakipo, mota zinarudi za moto mtu anaanza kulaumu mipangilio ya Betaflight (programu inayoongoza droni). Mkono mgumu mtetemo wake uko juu, filta inaukata kirahisi.

Halafu kaboni hiyohiyo inaziba mawimbi ya redio. Antena ya risiva usiilaze juu ya bamba, itoke nje, na fremu iwe na mahali pa kuitolea. Kama haina, vile vipande vya TPU (plastiki laini) vya printa ya 3D vinauzwa kwa kila fremu maarufu, sababu nyingine ya kuchukua fremu yenye watu wengi.

Mimi niko Tanga na nilikuwa natua pwani, sitaki hata kuelezea mchanga mweusi unavyong'ang'ania sumaku za mota. Udongo mwekundu wa Moro afadhali, tandika mkeka tu pa kupandia na kutulia.

TiaraYaMoro

Aisee asanteni sana, nimeelewa zaidi kuliko video zote nilizoangalia. Sasa naona nimebaki na mbili, Source One na moja ya resi nimeipata ya gramu 80 hivi yenye mikono ya kufungua, ila ina matundu ya staki ya milimita 20 kwa 20 peke yake. Staki niliyokuwa nataka ni 30.5. Je nibadilishe staki au nibadilishe fremu? Na mota ni saizi ya 2207 za 6S, nazo nimeshaagiza.

Kasi_Nakuru

Mota 2207 ziko poa, tundu zake ni 16 kwa 16, karibu kila fremu ya inchi 5 inazo. Hapo hakuna shida.

Staki sasa, hata mimi wa gramu nakwambia badilisha fremu. Kama hujawahi kulehemu nyaya nene za betri, ile 20 kwa 20 padi zake ziko karibu karibu, ukimwaga lehemu kidogo imegusa jirani. 30.5 ina nafasi, ESC yake ni kubwa inavumilia joto vizuri. Wale wa resi kali ndio wanakimbilia 20 kwa 20 kupunguza uzito. Kama utapata fremu yenye tundu zote mbili hiyo ndio inakufaa, maana kesho ukitaka kupunguza uzito unabadilisha staki na fremu inabaki.

Angalia pia kamera inaweza kuinama kiasi gani. Hii watu husahau. Resi unarusha na kamera imeinuliwa digrii 35, 40, hata zaidi, ndio ukiinama kwenda mbele uone geti na si nyasi. Wewe utaanza na 20 au 25 ni sawa, lakini kuna fremu za fristaili bamba la juu linagusa lenzi ukifika 30. Pima upana pia, kamera ya maikro ni milimita 19, mifumo ya dijitali mingine ni 20, wape wauzaji swali hilo kabla ya kulipa.

FundiKoili

Kasi kamaliza. Source One basi, na staki ya 30.5.

Kitu cha mizigo, betri za LiPo usimwambie wakala ni "spea" halafu zikakwama. Kwa ndege mara nyingi hawazipokei, zipeleke meli mapema, fremu na mota zije kwa ndege. Na kabla hata hujalipa pitia TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) uulize usajili na kibali, usije ukafika forodha mzigo ukawekwa pembeni wakati ungeweza kumaliza hilo wiki za kusubiri. Wenzetu wa Kenya nao wana KCAA na kanuni zao za 2020, hakuna aliyeachwa.

Na watoto. Kiwanja kikavu cha mpira, droni ya kelele, watajaa dakika tano. Propela ya inchi 5 inakata kidole bila kupunguza spidi. Mtu mmoja wa kuwasimamia nyuma yako kila mara, usirushe peke yako.

TiaraYaMoro

Sawa nimeagiza wakuu, Source One na mikono minne ya akiba. TCAA naenda kuulizia Jumatatu. Swali la mwisho la kijinga, fremu inakuja na skrubu zake na mota zina skrubu zake, za kufungia mota kwenye mkono natumia zipi?

DadaPropela

Sio la kijinga, hilo ndo linaua mota mpya. Pima unene wa mkono uliokuja, usiamini tangazo. Mkono wa milimita 5 unataka skrubu ya M3 ya milimita 8, inabaki 3 ndani ya mota inatosha. Ukiweka ndefu inagusa waya za koili, mota inazunguka vizuri mezani halafu inaungua angani. Ukishaikaza chungulia kwa tochi uone ncha imeishia wapi. Weka tone la gundi ya skrubu ya bluu, sio nyekundu, nyekundu hutaitoa.

Na kwa sababu kaboni inapitisha umeme, usichomeke betri ya kwanza moja kwa moja. Kama huna kile kifaa cha kuzuia moshi, tafuta balbu ya lori ya volti 24 dukani kwa spea, sio ya gari dogo maana 6S ikijaa inafika volti 25 na zaidi, uiunge katikati ya waya mwekundu wa betri, propela zikiwa hazijafungwa. Ikimulika kidogo halafu ikafifia ni kapasita zinajaa, uko salama. Ikiwaka ikabaki inawaka, chomoa, kuna shoti, huenda waya unagusa fremu, anza kutafuta kwenye mikono.