Madereva wa malori wakati wa korona: aliyepewa ruhusa ni mtu au ni mzigo?

BintiChangamwe anauliza:

Waungwana, salamu. Baba yangu aliendesha lori la masafa marefu kati ya bandari ya Mombasa na Kampala kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2020, ambao sisi wengine tulijifungia nyumbani, yeye hakupumzika hadi mwili ulipokataa. Naikumbuka vizuri jioni ya tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu. Kwenye televisheni tuliwaona watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni wakipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi, ilhali Baba aliondoka usiku uleule na kontena lake na hakuna askari aliyemsimamisha. Tuliambiwa kwamba yeye ni mtoa huduma muhimu, nami nikawa nalitamka neno hilo mbele ya wenzangu kana kwamba ni cheo.

Mwezi Julai alishikwa na homa akiwa safarini, akakaa nyumbani wiki sita bila malipo, na aliporejea akakuta gari lake limepewa mtu mwingine. Sasa nasomea diploma ya usafirishaji na nimechagua kuandika juu ya kipindi hicho. Ninachotaka kufahamu kwenu mliokuwa barabarani au mpakani ni hiki: kuitwa mtoa huduma muhimu kulimpa dereva nini hasa? Je, palikuwa na haki yoyote iliyoandikwa, au ilikuwa ruhusa ya kupita tu? Baba mwenyewe hapendi kuyazungumza mambo hayo. Nikimwuliza hunijibu, "Tulikuwa kazini," kisha huomba chai.

Usukani wa Zamani anajibu:

Mwanangu, nisalimie mzee wako, ambaye huenda tuliwahi kuegesha naye ubavu kwa ubavu Salgaa au Maili Tisa bila kujuana majina. Jibu fupi ni kwamba ruhusa ilikuwa ya mzigo. Kafyu ilipotangazwa, na Nairobi ilipofungwa tarehe 6 Aprili, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi siku mbili baadaye, malori ya mizigo yaliachwa yapite, nasi tukapita kwa sababu gari halijiendeshi. Askari kizuizini aliomba karatasi za mzigo kwanza. Mimi alinimulika tochi usoni na kuniuliza kama nina barakoa.

Mwezi Aprili Uganda ilianza kupima kila dereva anayeingia, na foleni ikarudi nyuma kutoka mpaka wa Malaba kuelekea Bungoma, makumi ya kilomita, malori yamefuatana upande mmoja wa barabara kama siafu. Safari moja nilikaa humo siku sita, nyingine siku nane. Na foleni ile haikuwa imesimama kabisa. Hapo ndipo palipokuwa na taabu ambayo sikuwahi kuisoma gazetini. Ilikuwa ikisogea urefu wa magari mawili saa tisa ya usiku, kisha inatulia hadi jua linachomoza, na ukipitiwa na usingizi wenzako wa nyuma wanakupita, nawe unazinduka ukiwa umeachiwa pengo la mita mia moja mbele yako na matusi nyuma yako. Kwa kawaida utingo ndiye hukesha dereva akilala, lakini Uganda ilikuwa imeagiza kwamba ndani ya kabini awemo dereva peke yake. Basi sisi watatu tuliofuatana tuliwekeana zamu: mmoja anakesha, na foleni ikisogea anazunguka na spana akigonga milango ya wenzake. Hadi leo mtu akigonga bati karibu yangu usiku, mkono wangu huitafuta swichi.

Chakula nacho kilikuwa na mambo yake. Kinamama waliotuuzia ugali na samaki miaka yote waliacha kutusogelea, na siwalaumu. Mmoja alikuwa akiiweka sahani juu ya jiwe, anarudi nyuma hatua kumi, kisha ananitajia namba ya simu ili nimtumie pesa, na sahani ile hakuichukua tena. Alikuwa ameshaihesabu kuwa ni ya kutupwa. Watoto walituita "korona" tukipita kwenda kuteka maji. Sisi wazee wa kazi tulikuwa tumelizoea jina la namna hiyo, maana katika miaka ya ukimwi tuliitwa wabeba ugonjwa kwenye vituo vilevile.

Kuhusu malipo, wengi wetu tulilipwa kwa safari, wala si kwa siku. Siku nane za foleni hazikuwa na bei. Posho ya njia niliyopewa Mombasa ilikuwa imehesabiwa kwa safari ya siku chache, ikaisha kabla sijauona mpaka.

Kuna jambo moja ningependa uliandike. Mwezi Mei 2020 Uganda iliamua kuwaondoa madereva wa kigeni waliopatikana na virusi kwenye hesabu yake ya wagonjwa, na aliyekutwa navyo mpakani akawa anarudishwa alikotoka. Kontena langu lilipimwa uzito Mariakani, likapimwa tena Mlolongo, likaandikwa kila lilipopita, na lingepotea hata kwa saa moja simu zingelia. Mimi mwenye kuliendesha ningeugua pale Malaba, ningeingia katika daftari la nani?

Muuguzi wa Mpakani anajibu:

Mzee Usukani, shikamoo. Nilikuwa upande wa pili wa meza hiyo, miongoni mwa waliokuingiza kijiti puani, na mengi uliyoyasema ni kweli. Naomba tu niongeze sababu ya ile foleni, kwa maana madereva wengi waliondoka wakiamini kwamba tuliwachelewesha kwa makusudi.

Kuchukua sampuli kulituchukua dakika mbili. Baada ya hapo kijiti kiliingia kwenye kichupa chenye maji maalumu ya kuhifadhia, kichupa kikaingia kwenye kibebeo chenye barafu, na kibebeo kikasubiri gari. Upande wa Kenya tuliitegemea sana maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyoko Alupe, Busia. Upande wa Uganda sampuli nyingi zilisafiri zaidi ya kilomita 200 hadi taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe. Mashine ya kupimia humaliza kazi kwa saa chache, lakini haipimi sampuli moja moja kama mizani ya dukani. Hujazwa sampuli nyingi kwa pamoja, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha, mamia ya vichupa hulala kwenye friji. Madereva waliendelea kuwasili usiku na mchana, na kila siku moja iliyokwama kule maabara ilizaa siku nyingine kwetu.

Kasoro kubwa kuliko zote tuliiona wenyewe na tukaisema. Jibu la kipimo huonyesha hali ya mtu siku aliyotolewa sampuli. Dereva aliyepimwa Jumatatu akiwa mzima alisubiri hadi Alhamisi katikati ya wenzake wasiojulikana hali zao, wakichangia dumu la maji na choo kimoja, kisha akapewa cheti cha kusema hana virusi. Cheti kilisema kweli, lakini kweli ya Jumatatu. Ndiyo maana, kwa upande wangu, siamini kwamba kupimwa ndiko kulikowadhalilisha madereva. Kilichowadhalilisha ni kupimwa mahali pasipo pa kusubiria.

Nasi tulikuwa na yetu. Lile vazi la kujikinga tulipewa moja kwa zamu, na ukilivua limekwisha kazi, kwa hiyo nilijizoesha kutokunywa maji tangu asubuhi ili nisihitaji kwenda msalani kabla ya saa nane. Dada, usiandike kana kwamba waliovaa koti jeupe walitunzwa. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kenya waligoma, na madaktari wakafuata tarehe 21, wakidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na posho ya hatari. Sisi tulikuwa na vyama na tulikuwa na majina yetu kwenye hotuba za kila jioni, na bado ilitubidi tuache kazi ndipo tusikilizwe.

Wakala wa Forodha anajibu:

Nitasema lisilopendeza. Ruhusa ilikuwa ya mzigo kwa sababu uhitaji nao ulikuwa wa mzigo. Uganda haina bandari ya bahari, Rwanda haina, Burundi haina, na mafuta, dawa na ngano yao hupita mikononi mwetu. Serikali ingekaa kwanza kuandika haki za dereva kabla ya kufungua njia, Kampala ingelala bila mafuta ndani ya wiki mbili.

Hata hivyo madereva walionyesha baadaye kwamba nguvu hiyo walikuwa nayo tangu mwanzo. Januari 2022 Uganda ilipowataka tena wote wanaoingia wapimwe, na kwa ada ya dola 30, madereva walizima injini Malaba na Busia. Katika siku chache bei ya petroli nchini Uganda ilipanda hadi kupita mara mbili ya kawaida katika baadhi ya miji, na ada ikaondolewa. Nilikuwa na makontena 11 kwenye foleni ile, nikapoteza pesa, nami nasema walifanya sawa.

Kuhusu haki iliyoandikwa: Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, nayo inagusa pia magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali peke yake. Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba homa ile uliipata kazini na si sokoni, na pia kwenye muda, kwani madai huwasilishwa ndani ya miezi 12. Kwa ugonjwa wa Julai 2020 mlango huo umefungwa zamani. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia mzee wako kwamba ulikuwapo.

Utingo wa Kahama anajibu:

Dada BintiChangamwe, naona watu wote hapa wanawazungumzia waliobaki kazini. Mimi niliondolewa kazini kwa amri zilezile zilizombakiza dereva.

Kwetu Tanzania hatukufungiwa ndani; masoko yalikuwa wazi na barabara zilikuwa wazi. Shida yetu ilianzia mpakani. Gari letu lilikuwa la Dar es Salaam kwenda Kigali, na mwishoni mwa Aprili 2020 Rwanda ilitaka mizigo inayoishia kwao ishushwe mpakani Rusumo au lori libadilishiwe dereva hapo hapo. Bosi wangu, maana mimi dereva wangu nilimwita bosi, alilitunza gari lile kuliko nyumba yake. Alikuwa na kitambaa maalumu cha kufutia dashibodi na hakumruhusu mtu kuingia na viatu. Siku ya kwanza alipomkabidhi ufunguo mtu asiyemjua, alisimama kando ya daraja hadi trela likapotea kwenye kona, kisha akaniuliza kama nimemwambia yule bwana kwamba gia ya tatu ina ugumu. Sikuwa nimemwambia. Alinuna hadi jioni.

Baada ya safari hiyo tajiri alisema watu wawili kwenye gari ni gharama na ni hatari, akambakiza dereva. Kazi ya utingo, kama hujui, ni kufunga maturubai, kubadilisha tairi, kukesha na mzigo, kupika na kumpigisha dereva soga ili asisinzie. Kazi hizo hazikufutwa. Zilihamia kwa mtu mmoja. Nilikaa Kahama miezi minane nikipakia pumba kwa kutwa. Kwa hiyo ukiandika juu ya watoa huduma muhimu, andika pia kwamba kabini moja ilikuwa na watu wawili, na amri ikamwona mmoja.

BintiChangamwe anarudi:

Nawashukuru nyote, na nawaomba radhi kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza nimsomee Baba majibu haya, na jana usiku baada ya chakula nilimsomea yote. Kwa mzee Usukani alicheka, jambo ambalo sikulitarajia, akasema kundi lao lilitumia wenzo wa jeki, kwa kuwa spana haisikiki ukiwa umefunga vioo. Kuhusu miezi 12 alitikisa kichwa tu. Hakuna aliyemwambia. Kuhusu utingo alinyamaza muda mrefu, kisha akanitajia kijana wa Voi aliyekuwa naye, ambaye namba yake ya simu haipatikani tena. Kaka wa Kahama, sura hiyo nitaiandika.

Baadaye aliingia chumbani akarudi na bahasha ya kaki ambayo sikuwahi kuiona. Ndani mlikuwa na vyeti saba vya kipimo, kila kimoja cha kutumika siku 14, vimekunjwa mara nne na kuchafuka mafuta kwenye mikunjo. Nilivipanga mezani kwa tarehe. Katika cheti cha mwezi Mei namba ya lori imeandikwa sawasawa, ya trela vilevile, lakini jina la Baba limekosewa herufi mbili na kuwa jina la mtu mwingine kabisa. Nilimwuliza kwa nini hakuomba lirekebishwe pale pale.

Alisema wangemrudisha mwisho wa foleni.