Ukuta wa namba: mshazari au marudufu? Fundi anakuja Jumamosi

mwalimu_kondele
Wadau, fundi wa rangi anatuchorea ukuta wa klabu ya hisabati Jumamosi. Tunataka jedwali la namba zote, kila moja mara moja tu, lisilo na mwisho kulia wala chini. Nimebaki na mawili: mshazari wa Cantor na lile la kuzidisha kwa mbili. Nichukue lipi?

Nyalenda_B
Omera, umeficha yote ya maana. Ukuta una ukubwa gani? Wanafunzi wa darasa gani? Unaanza na 0 au 1?

mkulima_wa_hesabu
Mshazari! Weka 1 kwenye kona, halafu 2, 3, halafu 4, 5, 6, kila mshazari ukishuka kuelekea kushoto. Mstari wa kwanza utasomeka 1, 2, 4, 7, 11; wa pili 3, 5, 8, 12. Mtoto wa darasa la sita anaujaza mwenyewe.

dada_wa_Njoro
Mimi marudufu. Mstari wa kwanza witiri: 1, 3, 5, 7. Wa pili ni hizo mara mbili: 2, 6, 10, 14. Wa tatu 4, 12, 20. Unaitafuta 100? Igawanye kwa mbili mpaka igome: 50, 25. Umegawanya mara mbili, basi ni mstari wa tatu. 25 ni witiri ya 13, basi ni safu ya 13. Kwisha.

mkulima_wa_hesabu
Chora miraba 10 kwa 10 uone. Kona ya mwisho kwangu ni 181. Kwako ni 9,728. Mwonee fundi huruma.

chaki_nyeupe
Fundi msimwache peke yake. Shule niliyofundisha Nakuru tulitaka mzunguko wa Ulam, wa 1963: 1 inakaa katikati, nyingine zinaizunguka, na ukizipaka namba tasa nyekundu nyingi zinajipanga mishazari. Nikampa fundi karatasi, nikaenda kunywa chai. Kurudi, 1 ameiweka juu ya swichi ya taa, eti hapo ndipo palikuwa pasafi. Mzunguko ukaingia mlangoni. 43 ikaandikwa kwenye mbao. Mlango ukifunguliwa, inajificha nyuma ya kabati. Mkuu akaniuliza kama hii ni hisabati au uganga.

Nyalenda_B
😂 Na 0 je?

mkulima_wa_hesabu
Sifuri si ya kuhesabia. Nani huenda Kibuye kununua omena gorogoro sifuri?

Nyalenda_B
Mimi, kila tarehe 25.

mgeni_Kakamega
Na jedwali la mwanahisabati Wythoff mmelisahau? 1, 2, 3, 5, 8; chini yake 4, 7, 11, 18; kisha 6, 10, 16, 26. Katika kila mstari jumlisha mbili zilizotangulia upate inayofuata, na hakuna inayojirudia.

mwalimu_kondele
Asanteni, mmenichanganya zaidi. Ukuta ni mita tatu kwa mbili na nusu, ila katikati pana dirisha.

chaki_nyeupe
Dirisha! Linafungukia ndani au nje?