Mbwa wa miezi 5 kuwekewa unga wa protini na kreatini ili ajaze mwili: inafaa?

Tabata_K9

Wakuu, habari za humu. Mbwa ni German Shepherd dume, miezi 5, kilo 18. Anakula ugali wa dona na dagaa asubuhi na jioni. Kimo anacho ila mwili haujajaa, mbavu zinaonekana. Nyumbani kuna makopo matatu ya jimu: unga wa protini wa whey ladha ya chokoleti, kreatini (ile ya kuongeza nguvu ya misuli), na ule unga wa kunywa kabla ya mazoezi.

Naweza kumwekea skupu moja ya whey kwenye ugali kila siku? Kreatini je? Na kama kipo chenye sumu, nitajieni ni kipi na kinaanzia kiasi gani. "Haifai" peke yake haitoshi.

DaktariMifugo_Moro

Mkuu, weka makopo pembeni kwanza, tuanze na hizo mbavu.

Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Halafu kunja ngumi yako na upapase konzi: kama ubavu unafanana na hapo, amekonda. Ukifanana na mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yuko sawa, hata kama kwa macho anaonekana mwembamba. German Shepherd wa umri huo huwa miguu na masikio tu.

Kama kweli amekonda, kwa lishe hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo. Mtoto wa mbwa hupewa dawa kila mwezi mpaka afike miezi 6. Fenibendazoli ni miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku kwa siku 3 mfululizo, kwa hiyo huyu ni miligramu 900 kwa siku. Wa pili ni kupe. Fungua mdomo uangalie ufizi: ukiwa umepauka, au mbwa ana homa na hali vizuri, apimwe damu kutafuta Ehrlichia na Babesia, vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe. Protini haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Wa tatu ni chakula kutotosha. Kilo 18 ukiipandisha kwa kipeo cha 0.75 kisha ukazidisha kwa 70 unapata kalori 610 hivi. Mtoto aliyevuka miezi 4 anahitaji karibu mara mbili ya hiyo, yaani kama 1,200 kwa siku. Ugali unadanganya macho: bakuli limejaa, kumbe zaidi ya nusu ni maji.

Sasa skupu yako. Gramu 30 za whey hutoa protini gramu 24 hivi na kalori 120. Si sumu. Lakini hiyo ni sehemu ya kumi ya chakula chake cha siku, na haiji na kalsiamu ya kutosha kwa mifupa inayokua. Na protini ya ziada haigeuki misuli kwa sababu tu umeimwaga kwenye bakuli. Mwili huichoma kama nishati au huigeuza mafuta, na naitrojeni yake hutoka kwenye mkojo. Ukinunua ile ya bei nafuu, ambayo haikuchujwa sana, ina sukari ya maziwa ambayo mbwa wengi hawaimeng'enyi. Matokeo ni kuharisha, na mbwa anayeharisha hanenepi.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia ni kwamba mbwa wa jamii kubwa hatakiwi kujazwa haraka. Ncha za mifupa yake zinafunga kati ya miezi 12 na 18. Ukimwongezea uzito kabla ya hapo, unaubebesha kwenye nyonga na viwiko ambavyo bado vina gegedu laini, na ndipo kuchechemea kunapoanzia. Kumwagia unga wa kalsiamu nako ni kosa, maana hadi miezi 6 hivi utumbo wake hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa chakula cha wanyama Marekani, kwa watoto wa mbwa wa jamii kubwa ni kalsiamu asilimia 1.2 hadi 1.8 ya chakula kikavu, na uwiano wake na fosforasi usivuke 2 kwa 1.

DaktariMifugo_Moro

Naendelea, kuhusu sumu.

Kopo la kuogopa ni la kabla ya mazoezi, kwa sababu ya kafeini. Mbwa huanza kuhangaika, kutapika na moyo kwenda mbio kwenye miligramu 20 kwa kilo. Kwenye 40 hadi 50 moyo unaharibika mapigo. Kwenye 60 ni degedege. Skupu moja kwa kawaida ina miligramu 150 hadi 300. Chukua 200: kwa huyu wa kilo 18 ni 11 kwa kilo, atakesha tu. Kwa kambwa ka kilo 4 ni 50 kwa kilo, na hapo tunazungumzia kifo. Kwa hiyo usilinganishe mbwa wako na wa jirani. Vidonge vya kuunguza mafuta ni vilevile, na vingine vina 5-HTP, kirutubisho cha kupunguza hamu ya kula, ambayo huleta mitetemo na joto kali la mwili kuanzia miligramu 24 hivi kwa kilo.

Cha pili ni kiongeza utamu. Tafuta kwenye lebo neno xylitol, au E967, au sukari ya mti wa birch. Kinakaa zaidi kwenye baa za protini, bigijii na unga wenye ladha. Kongosho la mbwa hukichukulia kama sukari na kumwaga insulini: gramu 0.1 kwa kilo inatosha kushusha sukari ya damu, gramu 0.5 kwa kilo inaweza kuua ini. Kwa kilo 18 ni gramu 1.8 na gramu 9. Sukralosi na stevia hazifanyi hivyo, kwa hiyo usichanganye majina. Ladha ya chokoleti nayo ikitokana na kakao halisi ina theobromini, ndugu wa kafeini na sumu kwa mbwa. Kwenye skupu moja ni kidogo, kwenye kopo zima si kidogo.

Vitamini D3 nayo isisahaulike. Kuna vidonge vya IU 50,000, yaani miligramu 1.25, ambavyo binadamu humeza kimoja kwa wiki. Dalili kwa mbwa huanzia miligramu 0.1 kwa kilo. Kidonge kimoja kwa mbwa wa kilo 5 ni 0.25. Kalsiamu ya damu inapanda polepole ndani ya siku moja au mbili, figo zinaumia, na mwenye mbwa keshasahau kwamba kidonge kilidondoka.

Mpishi_wa_Mbwa

Dokta kamaliza upande wake, mimi niongezee bakuli.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kalori 120, sawasawa na skupu ya whey, na bei yake haifanani hata kidogo. Anza na kijiko cha chai kwa siku 4 au 5, uangalie kinyesi, ndipo uongeze. Ukimpa kingi kwa mkupuo ataharisha mafuta. Mayai mawili ya kuchemsha ni protini gramu 12 au 13. Gramu 40 za dagaa wakavu zinavuka gramu 20 za protini, na wanakuja na mifupa yao, yaani kalsiamu ipo ndani.

Ila dagaa wana adabu zake. Wa ziwani wengi huanikwa chini, wana mchanga: osha mara tatu mpaka maji yatoke meupe. Wa pwani wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa: loweka nusu saa, mwaga maji, rudia. Mbwa anayekunywa maji kupita kawaida baada ya kula, mara nyingi umempikia dagaa wa chumvi.

Gawa mara tatu kwa siku, siyo mbili. Tumbo la miezi 5 likijazwa ugali kwa pupa halimalizi kazi. Mpime kila wiki: panda mzani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Kilo moja kwa wiki, kasoro kidogo, inatosha kabisa kwa umri huo.

Ganda la yai lililosagwa watu wanalisifu sana. Kijiko cha chai kina kalsiamu gramu 2 hivi. Lina maana kwa anayelisha nyama tupu isiyo na mfupa. Kwa anayekula dagaa wazima au chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, usiweke.

PakaTanga

Wenye paka msichukue hesabu za mbwa mkagawanya. Asidi ya alfa-lipoiki, inayouzwa kwa kupunguza mwili na kwa wenye kisukari, inamdhuru paka kuanzia miligramu 30 kwa kilo. Paka ni mwepesi kuathirika kama mara kumi ya mbwa. Kidonge cha 300 kwa paka wa kilo 4 ni 75 kwa kilo. Na harufu yake, ajabu, paka wanaipenda. Mafuta ya samaki wanavumilia, ila soma kama ni mafuta ya samaki au mafuta ya ini la samaki. Hayo ya ini yana vitamini A na D zinazojilundika mwilini.

Tabata_K9

Nimewaelewa, shukrani. Mawili yamebaki: kreatini, na akilamba chupa ya kutikisia au akitoboa kopo nifanyeje.

DaktariMifugo_Moro

Kulamba chupa iliyobaki matone, mpe maji na umtazame kwa muda wa saa 4. Akitoboa kopo, pima kilichobaki kwenye mzani wa jikoni ujue kilichopungua, piga picha ya lebo, na umwahishe kwa daktari wa mifugo pamoja na kopo lenyewe. Ndani ya saa 2 anaweza kutapishwa kwa sindano. Usimtapishe kwa chumvi, kwani chumvi yenyewe inaua. Maziwa hayakati sumu. Na mbwa anayetetemeka au aliyelegea hatapishwi kabisa, vitaingia kwenye mapafu. Kama ni xylitol na amelegea lakini anameza, mpake asali kwenye ufizi mkiwa njiani. Akiwa amekula unga mkavu mwingi, angalia tumbo: likivimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hiyo ni dharura ya dakika, maana unga unavuta maji na kuumuka.

Kreatini ipo kwenye nyama yenyewe, gramu 4 hadi 5 kwa kilo mbichi, kwa hiyo mpe nyama au dagaa. Ubaya wa kopo ni kwamba kreatini huvunjika kuwa kreatinini, ambayo ndiyo kipimo chetu cha figo. Ukimpa kimyakimya kisha ukamleta kupimwa, majibu yatasoma figo mbovu wakati ni nzima, au yatatufanya tuamini ni unga wakati figo kweli zinakufa. Ukishampa, mwambie anayechukua damu kabla hajachoma sindano.