Ukoo wa Mkomani na Malindi: rimoti za gereji zimegoma

Mama Zuhura: Asalaam alaykum nyote. Jamani mlango wa gereji hausikii rimoti. Zote mbili. Baba Zuhura yuko nje na gari apiga honi, majirani washatoka vibarazani.

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam. Hamieni Lamu. Huku punda hana gereji wala hana rimoti 😂

Mama Zuhura: Wifi usinicheke, hali si hali. Fundi amekuja, kachungulia kidogo tu, ati mota imekwisha ninunue mpya. Elfu sitini na kitu, na ufundi mbali.

Ami Badi: Waalaykum salaam. Asiguse kitu mtu. Mama Zuhura, ukibonyeza swichi ya ukutani mlango wafunguka?

Mama Zuhura: Wafunguka vizuri shemegi. Na kufunga wafunga.

Ami Badi: Sasa imekwisha vipi? Mota iliyokwisha haiinui mlango. Huyo ataka kuuza mota.

Kassim: 😂😂 Ami leo hana dogo

Tima: Shikamoo Ami. Ingekuwa rimoti moja ningesema ni rimoti. Mbili kufa siku moja, hapo ni risiva ya ndani, kile kipande cha mota kinachopokea rimoti. Swaleh, betri umebadilisha?

Swaleh: Nimebadilisha. Taa ya rimoti yawaka ukibonyeza. Mota kimya.

Tima: Taa iliyo kwenye mota ni balbu gani? Kama ni LED ya bei rahisi, itoe ujaribu. Nyingine zapiga kelele kwenye masafa yaleyale ya redio, rimoti haisikiki.

Swaleh: Nimeitoa. Hata nikisimama chini ya mota na rimoti, hakuna kitu.

Ami Badi: Na hiyo swichi ya ukutani, ina kitufe cha kufuli? Mota nyingine ukibonyeza kufuli rimoti zote zazimwa mpaka uifungue. Watoto huchezea.

Mama Zuhura: Ina kitufe kimoja tu, cheupe. Ndivyo tulivyoikuta tuliponunua nyumba kwa yule Mwitaliano.

Ami Badi: Haya. Swaleh, chomoa plagi kwenye soketi. Usizime swichi ukaridhika, CHOMOA. Ngoja kidogo, kisha fungua kifuniko unipigie picha.

Shangazi Rukia: Wakati mnafungua vifuniko, mchango wa arusi ya Ijumaa mnaukumbuka? Watu watatu bado. Siwataji.

Kassim: Natuma jioni shangazi

Shangazi Rukia: Sikukutaja.

Swaleh: 📷 Picha
Ami, tazama pembeni kulia.

Ami Badi: Mjusi kafiri! Kaungulia juu ya kadi, ule ubao wa stima wa mota. Hao hufuata joto na wadudu wa taa, wakikanyaga miguu miwili ya kadi yenye stima, yeye huyo na kadi hiyo. Na hewa ya chumvi ya huko Casuarina ishaanza kula solda, zile rangi za kijani hizo. Lakini naona relei za mota, zile swichi ndogo zinazoiwasha, ni safi. Kilichoungua ni kile kipande cha risiva.

Mama Zuhura: Astaghfirullah. Mjusi ndiye anayetaka elfu sitini?

Swaleh: Niliulizia kadi ya mota hii, nikaambiwa haitengenezwi tena.

Ami Badi: Huihitaji. 🎤 Ujumbe wa sauti, umeandikwa na Tima kwa walio kazini:
"Sikizeni. Swichi ya ukutani haifanyi jambo kubwa. Ina nyaya mbili, ukibonyeza zagusana, mota yaenda. Ukiachia, zaachana. Risiva ya nje ni kidole kingine tu cha kubonyeza swichi hiyohiyo. Waiweka kando ya mota, ndani ina relei ndogo. Rimoti ikiita, relei yagusisha nyaya mbili nusu sekunde, yaachia. Mota haijui kama ni Mama Zuhura amebonyeza ama ni risiva. Kwa hivyo nyaya za swichi hazitolewi, za risiva zaingia palepale kwenye skrubu zilezile, sambamba. Swichi itabaki yafanya kazi kama zamani."

Kassim: Nimesoma kile kitabu cha Kitaliano kilichokuwa kwenye droo. Skrubu za swichi ndizo zenye alama P.P. na COM. Zile za FOTO ni za macho ya usalama pale chini mlangoni.

Ami Badi: Hizo za FOTO Swaleh asiziguse hata kwa bahati mbaya. Macho hayo ndiyo yanayosimamisha mlango akipita mtoto ama paka. Mafundi wengine wakishindwa huyafunga na kipande cha waya ili mlango "ufanye kazi". Ukiona fundi anafanya hivyo mlipe nauli aende.

Swaleh: Nimeona risiva mbili mtandaoni. Moja ya masafa ya 315 MHz, nyingine 433. Mota yetu kwenye kibandiko yasema 433.92 MHz. Lazima zifanane?

Tima: Si lazima. Kumbuka redio ya mota ishakufa. Kinachotakiwa ni rimoti mpya na risiva mpya zisikizane zenyewe kwa zenyewe. Lakini chukua 433.92, siku ukipoteza rimoti utapata nyingine kwa urahisi. 315 ni ya Marekani zaidi.

Kassim: Ile ya bei nafuu yatosha. Na rimoti zake zanakiliwa dakika moja, nimeona madukani.

Ami Badi: Ndiyo sababu siitaki. Inayonakiliwa na wewe yanakiliwa na mwizi pia. Zile hutuma namba ileile kila siku, mtu akae nje na kifaa chake ainase, usiku aifungue. Chukua yenye namba inayobadilika kila ukibonyeza. Namba ya jana leo haifungui. Gereji ile ina mlango wa kuingia jikoni, msisahau.

Mama Zuhura: Iliyo ghali basi. Bado ni chini sana ya elfu sitini.

*Jumamosi*

Swaleh: Asubuhi njema. Risiva imefika. Ina sehemu ya stima 12–24V, halafu skrubu za relei: COM ya pamoja, NO inayoachana nayo na NC inayogusana nayo relei ikitulia. Kwenye mota kuna tundu za vifaa vya ziada. Niunge hapo?

Ami Badi: Pima kwanza na mita. Usiamini maandishi ya kadi yenye umri huo.

Swaleh: Volti 24 na pointi kidogo.

Ami Badi: Na risiva yakubali mpaka 24. Yawezekana, lakini uko ukingoni. Una ile adapta ya kamera, ya 12V? Tumia hiyo. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kisha COM na NO ya risiva ziende P.P. na COM za mota. NC iache bila waya. Ukiweka NC mota itaona kitufe kimebonyezwa mchana kutwa.

Tima: Na kabla ya kufunga risiva, gusisha P.P. na COM kwa kipande cha waya mara moja uachie. Mlango ukienda, ujue skrubu ni zenyewe.

Swaleh: Umeenda! 💪

Mama Zuhura: Alhamdulillah. Gari lililala nje siku zote hizi, kunguru wamelipaka.

Swaleh: Jamani. Nimefunga kila kitu, nikafundisha rimoti. Bonyeza ya kwanza mlango ukafunguka. Ya pili hakuna. Ya tatu ukafunga. Na relei nikibonyeza yafanya "tak" moja tu, si "tak-tak".

Ami Badi: Inashika haiachii. Umeiweka kwenye mtindo wa taa, washa-zima. Nataka ule wa kengele, ukiachia yaachia. Soma karatasi yake, huwa ni kijampa, kile kiziba kidogo cha kuunganisha pini, ama kubonyeza kitufe cha kujifunza mara kadhaa.

Swaleh: Ilikuwa jampa. Sasa tak-tak. Wafunguka kila mara. Ila ni lazima niwe mlangoni kabisa, kwenye geti haushiki.

Tima: Antena iko wapi?

Swaleh: Ile waya nyembamba? Nimeikunja vizuri nikaifungia ndani ya kile kisanduku cha chuma.

Tima: 🤦🏽‍♀️ Swaleh! Chuma chaziba mawimbi. Itoe nje, inyooshe, ining'inie. Sentimita 17 hivi, usiikate wala usiiongeze. Wimbi la 433 ni sentimita 69, hiyo ni robo yake.

Swaleh: Sasa nafungua nikiwa barabarani, kabla ya geti.

Ami Badi: Mashallah. Lakini usifunge ukiwa mbali, funga ukiwa wauona mlango. Jaribu macho ya usalama: weka ndoo njiani ufunge. Na vuta kamba nyekundu uone mlango wainuliwa kwa mkono, maana stima ikipotea rimoti ya dhahabu haikusaidii. Ukimaliza, ziba matundu ya kisanduku na silikoni. Acha upenyo wa waya peke yake.

Mama Zuhura: Ndoo imepona, mlango ulirudi juu. Shemegi, Mungu akupe umri. Swaleh nimempikia biriani.

Shangazi Rukia: Badi ndiye aliyefanya kazi, Swaleh ndiye anayekula.

Kassim: Ami, risiva hiyo yaweza kuwasha pampu ya kisima? Nimechoka kushuka usiku.

Ami Badi: Haiwezi hivyo ilivyo. Relei yake ni ya ampea 10, na pampu ikianza huvuta mara kadhaa ya inavyovuta ikiwa yaenda. Itaungua midomo, zile ncha zinazogusana. Hapo yahitajika kontakta, yaani relei kubwa, katikati, na mtindo wa washa-zima uliomsumbua Swaleh ndio utakaotaka. Tuma picha ya kibandiko cha pampu.

Shangazi Rukia: Na mchango.