Nintendo ya 1985 kuvaa sura ya deki: ni makusudi, na ndiyo chanzo cha taa kupepesa?

Kijiti_cha_Pamba

Wakuu, habari zenu. Famicom ya Japani (1983) ni nyeupe na nyekundu, kaseti inachomekwa juu, pedi zimeungwa kwa waya usiochomoka. Mashine hiyohiyo ilipofika Marekani 1985 imekuwa boksi la kijivu lenye mlango mbele, jina lake Nintendo Entertainment System (NES), neno "gemu" hulioni popote kwenye jina. Maswali mawili: sura ya deki ilitafutwa kwa makusudi? Na ule ugonjwa wa taa nyekundu kuwaka-zima unatokana na umbo hilo? Mwenye mifano mingine ya konsoli (mashine za gemu) zilizojifanya redio au televisheni ashushe hapa.

fundi_lihamu

Makusudi kabisa. Biashara ya gemu za nyumbani Marekani ilianguka 1983, wenye maduka wakabaki na kaseti zisizouzika. Hawakutaka kusikia habari ya "mashine ya gemu" tena. Mwanzoni mwa 1985 Nintendo walionyesha toleo liitwalo Advanced Video System: kibodi, kinasa kaseti, pedi zisizo na waya, vyote vimechongwa kama seti ya muziki ya sebuleni. Halikuuzwa. Mbunifu Lance Barr akalipunguza hadi likawa hiyo unayoiona, na msamiati ukabadilishwa: kaseti ni Game Pak, mashine ni Control Deck. Kwetu waliozoea kuita mashine ya video "deki" utani huu unaeleweka bila mkalimani.

Sasa gharama ya vazi hilo. Ili kaseti iingie kwa mbele kama kwenye deki, wakatumia soketi ya pini 72: unaisukuma ndani kwa ulaini, kisha unaibonyeza chini ndipo pini zishike. Kila unapobonyeza, pini zinapindwa kidogo. Zikilegea au zikishika kutu, mguso unakuwa hafifu.

Lakini mguso hafifu peke yake haupepesi taa. Ndani ya mashine kuna chipu ya ulinzi (10NES), na ndani ya kila kaseti halali kuna mwenzake. Zisipoelewana, ya mashine inairisiti konsoli karibu kila sekunde moja. Hapo ndipo taa inawaka na kuzima. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha adapta ya umeme.

Utaratibu wa matengenezo:

1. Anza na kaseti. Kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno ya shaba mpaka pamba itoke safi, acha ikauke. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu wa mate, na unyevu ndio unaoleta kutu. Ikionekana kufanya kazi ni kwa sababu umeitoa na kuirudisha.
2. Ikishindikana, fungua mashine kwa bisibisi ya nyota. Skrubu ziko chini. Toa bati la kinga, toa trei, vuta soketi kutoka kwenye bodi. Safisha pande zote mbili, pamoja na meno ya bodi yenyewe, ambayo watu wengi huyasahau.
3. Soketi ya zamani iliyosafishwa vizuri mara nyingi inashinda mpya za bei rahisi. Nyingi za hizo mpya hubana mno. Kaseti inatoka kwa kuvutana na meno yanakwaruzwa.
4. Mwisho kabisa, chipu ya ulinzi: kwenye mashine za Marekani imeandikwa 3193A. Kata pini namba 4, inyanyue isiguse bodi, iunge na grandi (waya hasi wa saketi). Taa haitapepesa tena. Ila elewa kwamba hujatibu uchafu: kaseti chafu sasa itakupa skrini ya rangi moja au takataka za herufi badala ya kurisiti.

Nintendo wenyewe walikubali kimyakimya. Toleo la NES-101 la 1993 lilirudisha kaseti juu na kuondoa chipu ya ulinzi. Kwa ubahili wao wakaondoa pia matundu ya AV (ya picha na sauti), ikabaki waya wa antena tu, kwa hiyo picha yake ni mbaya kuliko ya ile "mbovu".

Mbao_na_Kioo

Kwa upande wa majina, Atari walitangulia. Ya 1977 iliitwa Video Computer System na ilikuwa na ubao wa rangi ya mbao mbele, kwa sababu televisheni na amplifaya za sebule za wakati ule zilikuwa hivyo. Mwaka 1982 ilipotoka konsoli yao mpya, 5200, ile ya zamani ikapewa jina 2600, yaani namba yake ya bidhaa, CX2600. Pigeni hesabu: 2600 mara mbili ni 5200. Huu ni mtindo wa watengeneza amplifaya, namba kubwa ndiyo mashine kubwa. Mwaka huohuo 2600 ikatolewa nyeusi tupu, mbao zikaaga.

Jina Famicom nalo lina kisa. Sharp walikuwa wamekwisha kulisajili kwa ajili ya oveni. Kwenye mashine ya Nintendo utasoma Family Computer, ila Sharp walitoa Twin Famicom yao 1986 kwa leseni, na jina limeandikwa waziwazi.

stirio_kamili

Mfano ninaoupenda ni Mega Drive ya Sega ya 1988. Duara kubwa juu kama kicheza CD, herufi za dhahabu "16-BIT", na kwenye zile za mwanzo kuna maneno "AV Intelligent Terminal", ambayo hayamaanishi chochote. Mbele kuna tundu la hedifoni na kitelezi cha sauti kama kwenye redio kaseti.

Hilo tundu si pambo. Kwenye modeli ya kwanza, plagi ya AV ya nyuma inatoa sauti ya mono tu; stirio inapatikana kwenye hedifoni peke yake. Ukitaka stirio kwenye sabufa: waya wa 3.5 mm kutoka mbele kwenda RCA mbili (plagi za sauti za kushoto na kulia), picha ichukue nyuma. Kitelezi kikikwaruza, tia dawa ya kusafishia potenshiometa, kisogeze mara ishirini hivi. Modeli ya pili ilitoa stirio nyuma, na tundu la mbele likafutwa.

Padi_Mbili

Tusiwape wauzaji sifa zote. PlayStation 2 ya Sony, yaani PS2 (2000), ilifanana na kifaa cha AV kwa sababu ilikuwa kifaa cha AV: inacheza DVD na ina sauti ya optiki. Hata nembo kwenye trei inazungushwa ili isomeke mashine ikisimama au ikilala. Ajabu ni kwamba SCPH-10000 (namba ya modeli ya PS2 ya kwanza) ya Japani haikuwa na programu ya DVD ndani. Ilikaa kwenye memori kadi. Ukiifuta kadi, umeifuta deki.

Kuna ushawishi wa kinyume pia. PSX ya 2003, iliyouzwa Japani tu, ni kinasa cha runinga chenye PS2 ndani, na namba yake ni DESR, si SCPH. Menyu yake ya mistari miwili inayokatizana ikahamia PSP, PS3, kisha televisheni za Bravia. Hapo gemu ndiyo iliyoivisha runinga.

Jina likikosewa, sura nzuri haiokoi. Wii ya Nintendo iliuza zaidi ya milioni 100. Wii U (2012) iliishia milioni 13.56, na wanunuzi wengi walidhani ni pedi ya nyongeza ya Wii ile ile.

Kijiti_cha_Pamba

Nimeelewa, asanteni. Swali la nyongeza: hizo namba za SCPH zinasomwaje kwenye PS2 ya mtumba?

Padi_Mbili

Tarakimu ya mwisho ndiyo soko: 0 Japani, 1 Marekani, 2 Australia, 3 Uingereza, 4 Ulaya bara. Yaani 39001 ni ya Marekani, 39004 ya Ulaya. Kwa zile nene za mwanzo, ya Japani ni volti 100 na ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma, pawasaplai inaungua. Soma lebo ya nyuma kwanza, kisha jaribu na diski ya eneo hilohilo kabla hujalipa.